Posa ya Proksima B

Kihakiki kilimsahihisha Mzee Shemtoi kabla hajakaa vizuri kitini.

"Tumetoka mbali sana, Bi Hadia," alianza, kama washenga wote wanavyoanza.

"Kilomita mbili na nusu," kilisema Kihakiki kutoka mezani, kwa adabu.

Kilikuwa kidude cha ukubwa wa birika, na siku hizo hakuna nyumba ya Tanga iliyopokea posa bila kukiwasha. Washenga walikuwa wamezidi. Kila mchumba alikuwa meneja, kila chumba cha kupanga kilikuwa jumba. Kihakiki kilisikiliza, kikapekua vipimo vyote vilivyopata kuhifadhiwa, kikasema kweli. Aliyekibuni ni Tunu, mjukuu wa Bi Hadia, ambaye sasa alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza posa yake mwenyewe.

Mchumba, Mhina, alikuwa mhandisi wa chombo cha kwanza kupeleka watu Proksima B, sayari ya nyota iliyo jirani kuliko zote na jua letu. Chombo kingeondoka baada ya miezi miwili na hakingerudi, naye alitaka kuondoka na mke. Bi Hadia alikuwa amemlea Tunu tangu ana wiki mbili. Lilibaki neno lake tu.

"Tumeona ua katika bustani yenu," alisema Mzee Shemtoi.

"Nyumba hii haina bustani."

Mzee alikikazia macho kile kidude. "Huko, Bi Hadia, mwaka mpya hausubiriwi. Ni sikukuu juu ya sikukuu."

"Mwaka wa huko ni siku kumi na moja na saa nne hivi," kilikubali Kihakiki.

Mzee akapata nguvu. "Na jua lake ni jekundu, la upole, halizami."

"Huenda halizami upande mmoja, na upande wa pili ni giza daima. Jua hilo hulipuka mara kwa mara na kumwaga mionzi. Watu wataishi chini ya ardhi."

Mshenga alisogea hadi ukingoni mwa kiti. Akaropoka, "Kuna maua ya zambarau yanayofika kiunoni!"

Kihakiki kilipekua kwa muda mrefu. "Hayajapimwa," kikasema.

"Umesikia, Bi Hadia? Hakikusema hayapo."

Kuanzia hapo hakushikika. Mito inayonukia karafuu: haijapimwa. Ndege wanaobisha hodi: hawajapimwa. Bi Hadia alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akakigeukia kidude.

"Nikimtumia Tunu salamu, zitamfika lini?"

"Baada ya miaka minne na miezi mitatu, bibi."

"Na akinijibu?"

"Minne na mitatu mingine."

Bi Hadia alikuwa na miaka themanini na mbili. Hakuuliza jumla yake. Mzee Shemtoi alifungua mdomo, akaufunga, kwa sababu hilo lilikuwa limepimwa.

Pazia lilisogea. Tunu akaja kupiga magoti mbele ya bibi yake, macho yamemwiva. "Bibi, ukisema nibaki, nitabaki."

"Nitasemaje ubaki, na kila usiku unaota uko huko? Nimeridhia." Bibi alimshika mkono na hakuuachia. "Ila kizime hicho kidude chako."

Tunu alikizima, akaketi miguuni pake.

"Haya, mzee," alisema Bi Hadia, "turudie pale penye maua. Ulisema yanafika wapi?"

"Mabegani," alisema Mzee Shemtoi, na safari hii hakuna aliyemsahihisha.