Mlango wa Chuma wa Benki ya Zamani

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha gereji, harufu ya oili, wanaume watatu, ramani ya mkaa sakafuni.

"Kitendawili," alisema Nyundo, mkuu wa genge.

"Tega," akajibu dereva. Huyu ni Shemeji, kaka wa mke wa Fundi, yule mtu wa tatu.

"Nyumba haina dirisha, mlango chuma, mwenyewe kahama."

"Chumba cha hazina!"

Benki iliondoka zamani. Jengo likawa posta, likawa duka la magodoro, sasa ni kituo cha kulelea watoto. Nyundo aliapa chumba kile hakijafunguliwa tangu benki ihame. Vito vya wateja vimo bado.

"Na watoto?" aliuliza Fundi, bingwa wa kufuli.

"Mchana wanalala huko mbele. Tunaingia kama wapaka rangi. Ukiogopa, nenda kwa mkeo ukamenye viazi."

Fundi akainamia ramani. Mkewe alidhani yuko kiwandani.

Saa saba mchana. Ndoo za rangi mkononi, wakapenya mlango wa nyuma. Fundi akagusa chuma cha mlango wa hazina kwa kidole. Kikasogea. Hakikuwa kimefungwa.

Ndani, mikeka. Watoto wamelala chali, midomo wazi. Kuta zile nene hazipitishi joto wala kelele. Mlezi, mama wa makamo, akainua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiishona.

"Taratibu, wanangu. Ndiyo kwanza wamelala." Akamkazia macho Fundi. "Baba Chiriku! Sura moja na mwanao. Leo umemfuata mwenyewe? Mama yake huja jioni."

Mkeka wa pili, Chiriku. Nywele zile alizisuka mkewe jana. Fundi hakuwahi kuuliza mwanawe anashinda wapi.

"Katujua," Nyundo alinong'ona. "Wafungie."

"Humo hamna hewa! Kitasa kikijibana, hata mimi leo sikifungui."

"Si shauri yangu."

Nyundo akausukuma mlango. Fundi akaingiza bega. Chuma kikamla, mfupa ukalia.

"Shemeji! Mpwa wako yumo!"

Shemeji hakugeuka. Alikimbilia garini. Injini ilipounguruma, Nyundo akatukana, akamfuata mbio.

Polisi walioitwa na mlezi walimkuta Fundi amekaa kizingitini, bega limefungwa shuka la mtoto.

"Mikono juu!"

Akainua mmoja.

"Afande, nakuomba, pingu nifungie nje."

"Jambazi mzima! Unamwonea haya nani?"

 Kwa mkono mzima Fundi akaivuta kofia yake hadi puani. Kwenye mkeka wa pili mtoto alikuwa ameketi, anafikicha macho.