Mshipi Gizani

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kufunga manyoya kwenye ndoana ili samaki wadhani ni kamba wadogo wa baharini. Mwisho wa kiangazi, kila alfajiri huingia baharini hadi magotini kupima joto la maji, kisha huandika kwenye ubao wa duka lake kama samaki watakula. Wiki ile kila akifika alikuta maji yamevurugwa, kana kwamba mtu ametangulia kuingia, na aliyemshuku ni shemeji yake, maana yule bwana kwa kudokoa siri za watu hajambo.

Siku hiyo akawahi zaidi, akaingia majini. Giza totoro, bahari imetulia tuli. Mbele yake akasikia mshipi ukirushwa: fyuu, fyuu.

“Shemeji, leo umepatikana!”

“Unagombana na nani?” Sauti ilitoka nyuma, ufukweni. “Ndio kwanza nafika. Nimekuletea chai.”

Akageuka na tochi. Shemeji kweli, suruali kavu, chupa mkononi.

Fyuu.

Kitu kikanasa kwenye mkono wa shati la rafiki yangu. Akamulika: ndoana ya manyoya, na mshipi wake umeelekea kilindini, kusikosimamika.

Mshipi ukakazika. Kisha ukavutwa mara mbili, taratibu, vilevile anavyovuta yeye kuhakikisha samaki amenasa.