Mdomo wa Pili

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia, msichana wa darasa la sita aliketi na mama yake mbele ya kompyuta. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu alimaliza kila kazi kabla ya wenzake, na mara nyingi akalazimika kuirudia.

Jumamosi moja mama yake, mhandisi, alikuwa akisanifu bomba la kupozea maziwa ya kiwanda kimoja. Kwenye skrini bomba lilikatwakatwa likawa wavu wa vijumba vidogo, ili kompyuta ikokotoe joto la maziwa katika kila kijumba.

"Kompyuta haijui bomba, mwanangu," mama alisema. "Lazima tuiambie: hapa maziwa yanaingia, hapa yanatoka, huu ni ukuta wa baridi. Kingo kama hizi ziko saba. Ipe kila moja jina, kisha uweke alama kwenye orodha."

Chapuchapu alibonyeza mbiombio. Alama zote saba akazitia kwa mpigo mmoja.

Jibu lilipokuja, uso wa mama ukashuka. Maziwa yalitoka yakiwa bado moto.

"Wiki tatu za kazi!" alisema. "Usanifu wangu umeshindwa. Niwapigie simu kiwandani, watafute mtu mwingine."

Chapuchapu aliinamia kompyuta. Akahesabu majina kwenye skrini: sita. Bomba liligawanyika matawi mawili, naye alikuwa ametaja mdomo wa kutokea wa tawi moja tu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mama alishashika simu.

"Mama, usipige! Kosa ni langu. Nilitia alama kabla ya kumaliza. Mdomo wa pili hauna jina."

Mama akatazama, akacheka mpaka machozi. "Kumbe! Ukingo usio na jina, kompyuta huufanya ukuta. Maziwa yote yamebanana katika tawi moja, yatapoa saa ngapi?"

Chapuchapu aliupa mdomo jina, akahakiki kingo zote saba kwa kidole. Safari hii maziwa yalitoka baridi. Mchoro ulipokwenda kiwandani alasiri, mama aliandika chini yake: "Kingo zimehakikiwa na binti yangu." Chapuchapu aliyasoma maneno hayo mara tatu, kifua mbele.

"Haraka yako ilitujengea ukuta, mwanangu," mama alisema, "na ukweli wako ukaubomoa. Wahandisi wote tunakosea. Mimi namwamini yule anayesema mapema, kabla bomba halijachomelewa."