Moyo Uliosikika Kwenye Spika

Mume wangu ni fundi redio. Mimba yangu ilipofika miezi minane, aliunganisha maiki ndogo na spika kuukuu. Kila asubuhi aliniwekea maiki tumboni pale kibandani kwake. Du, du, du. Wateja walicheka.

"Fundi, mwanao ameshaanza kutangaza!"

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika bila kuisikia sauti yake. Kwa hiyo sauti hii ilinituliza.

Jumanne moja mtoto hakucheza. Nilikunywa maji, nikalala ubavu. Kimya.

Mume wangu akaleta maiki. Du, du, du. "Unasikia? Yuko salama."

"Hachezi tangu jana jioni."

"Labda amelala."

"Hata yule wa kwanza tulisema amelala."

Akazima spika. Tukaondoka, kibanda kikabaki wazi.

Kwenye kituo cha afya, mkunga alinishika kifundo cha mkono huku akisikiliza tumbo kwa kifaa chake.

"Lakini dada, asubuhi nimeusikia moyo wake," mume wangu alisema. "Ulipiga vizuri, taratibu."

"Taratibu vipi?"

Akagonga meza kwa kidole. Mkunga akatazama saa.

"Hayo ni mapigo kama themanini kwa dakika. Ulisikia moyo wa mkeo, shemeji. Moyo wa mtoto tumboni hupiga mbio, kati ya mia moja na kumi na mia moja na sitini. Ndiyo maana nimemshika mama mkono, nisichanganye mapigo yao."

"Na wa mwanangu?" nikauliza.

Alihesabu tena, dakika nzima. Nilitazama midomo yake tu.

"Tisini na tano. Yuko hai, lakini amechoka. Tunaingia chumba cha upasuaji sasa hivi."

Nilipozinduka, nilisikia kilio chembamba, cha kukwaruza. Mkunga alinilaza binti yangu kifuani.

"Mtoto akipunguza kucheza, msingoje kesho," alisema. "Wala msitulizwe na sauti mnayoisikia nyumbani. Njooni."

Juzi jirani yetu mjamzito alifika kibandani. "Fundi, hebu nisikilizie wangu. Leo ametulia mno."

Mume wangu aliweka bisibisi chini.

"Mimi natengeneza redio, shemeji. Twende kwa mkunga."

Nikambeba binti yangu mgongoni, nikamshika jirani mkono. Kibanda tulikiacha wazi.