Enanga ya Marehemu Ishengoma

Jumanne asubuhi Apolinary alifungua chumba cha muziki akakuta enanga, ala ya uzi ya Wahaya, imelegezwa tena. Haikukatika. Uzi wake, mshipa mmoja wa ng'ombe unaopita mara nane juu ya ubao, ulikuwa umefunguliwa fundo na kulazwa taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Uledi, kama ni wewe, utani umetosha."

"Mimi na enanga wapi na wapi?" Uledi, mwenzake wa bwenini, kijana wa Kiislamu wa Hamugembe, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Ufunguo unalala nao wewe."

Ilikuwa kweli. Apolinary alikaa kwenye kinanda cha chuo, akakanyaga pedali, akaipata do, akaanza kukaza upya. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa saa nne. Mwaka ule wa 1987 darasa la muziki la chuo chao cha ualimu, pale Bukoba, lilikuwa limebaki na wanafunzi wanane kati ya kumi na wanne. Mkufunzi wao alizikwa Februari. Tangu hapo walijifundisha kwa madaftari yake. Kila wiki lori lilikwenda mazishini, na kila wiki vipindi vilifutwa. Akishindwa Ijumaa angerudi Buganguzi bila cheti, kwa dada yake Jovitha, ndugu pekee wa tumbo moja aliyembakia, naye alikuwa mgonjwa.

Enanga ilikuwa ya baba yake mdogo, Ishengoma. Katika ukoo wao, mpigaji akifa uzi hulegezwa, wala haukazwi mpaka tanga liondolewe. Lakini Ishengoma alikufa kwa ule ugonjwa mpya wa kukondesha ambao watu waliuita Juliana, na kabla tanga halijaondolewa akafuata mkewe, kisha wanawe wawili. Matanga yalipokezana. Apolinary alisubiri miaka miwili. Jumapili iliyopita aliishusha darini kwao Buganguzi bila kumwambia mtu, akaja nayo chuoni, akaikaza.

"Nimechoka kusubiri watu wamalize kufa," alisema.

"Usiseme hivyo, bwana."

"Niseme vipi? Mtihani nao unakaa matanga?"

Jioni ile alilifunga fundo kwa waya wa shaba, akausokota kwa koleo. Jumatano uzi ulikuwa umekaza vilevile. Alifurahi. Alifanya mazoezi tangu saa kumi hadi magharibi, na vidole vyake vikacheza vizuri kuliko alivyojijua. Kilichomsumbua kilikuwa harufu. Mshipa ule mkavu kuliko kuni ulinuka nyama iliyochinjwa asubuhi hiyo, na alipojifuta mikono, leso ililowa.

Alhamisi, muda mfupi baada ya magharibi, alipokuwa ndiyo kwanza amemaliza mazoezi, shangazi yake Joviana alifika na lori kutoka Buganguzi. Hakukubali kukaa.

"Mwana wange, Jovitha anavutwa. Tangu jana. Vidole vimejikunja, shingo imerudi nyuma, mishipa imesimama mtu anaweza kuihesabu. Ilimwanza saa kumi, ikamwachia jua lilipozama. Leo saa kumi hiyohiyo nimemwacha ameanza tena."

Apolinary alitazama mikono yake, akaificha nyuma.

Uledi aliwapeleka Hamugembe kwa mjomba wake, Mzee Muharami, aliyewasomea watu wenye mashetani. Mzee aliinamia enanga, akanusa, hakuigusa.

"Nani ametia waya?"

"Mimi, mzee. Ilikuwa inajilegeza."

"Ilikuwa inalegezwa," alisema Muharami kwa sauti ya chini. "Marehemu wenu alikuwa analinda kitu chake. Wewe umemfunga mkono, na pale pake ameingia jini asiyemjua baba yako wala mama yako. Kesho ipeleke kwenye msiba wenu ukaufungue uzi kwa mkono wako, kabla ya adhuhuri."

"Kesho nina mtihani."

"Una dada pia."

Apolinary alitoka nje, akaipiga teke ndoo tupu ya mzee, kisha akaenda kuiokota.

Ijumaa alfajiri aliondoka na Joviana juu ya lori la ndizi. Walipofika Buganguzi Jovitha alikuwa amekunjika nyuma juu ya mkeka, meno yamebanana, na Apolinary alipiga magoti kando yake akaufungua waya, lakini uzi ulipoachwa huru haukulegea, ulirudi kinyume chini ya vidole vyake, umelowa, wenye joto, ukijivuta kama mkia wa mnyama anayekataa kutolewa shimoni, na kadiri alivyouvuta ndivyo dada yake alivyozidi kupinda, mpaka Joviana akaanza kulia akimsihi aache, naye hakuacha, hadi mara moja uzi ukaanguka mkononi mwake, mkavu.

Jovitha alifungua vidole kimoja kimoja. "Nina njaa," alisema.

Apolinary aliiacha enanga ukutani. Akampa dada yake uji, akamwangalia akinywa, na saa sita akapanda gari kurudi mjini, akaombe mtihani wa marudio.

Alifika jioni. Uledi alimkuta getini.

"Mbona umerudi? Halafu hongera, ndugu yangu! Watu wametoka wanalia. Msimamizi amesema hajapata kusikia enanga ya namna ile."

"Uledi, mimi nilikuwa Buganguzi, na enanga nimeiacha huko."

"Acha hizo. Saa nne kamili uliingia. Nimekupa mkono mwenyewe. Mkono wa baridi, nikasema ni woga."

Saa nne. Ndiyo saa uzi ulipoanguka, na kilichokuwa ndani yake kikaachiliwa.

"Halafu huyo mtu akaenda wapi?"

Uledi aliacha kucheka. "Nilikusindikiza stendi adhuhuri. Ukapanda gari la Muleba, lile la kwenu. Nikauliza, leo tena? Ukasema Jovitha ameshakula, sasa anakusubiri."

Apolinary alikimbia hadi stendi. Gari la mwisho la Muleba lilikuwa limeshaondoka. Kule Buganguzi, saa hiyo, Joviana angesikia hodi kwa sauti anayoijua, na angefungua.