Dole Gumba la Babu

Foleni ya ofisi ya kumbukumbu ilikuwa imefika mlangoni siku fundi cherehani alipomkanyaga karani aliyepita na rundo la mafaili. Yalimwagika yote. Fundi huyo alikuwa binti aliyevaa gauni la njano lililomkaa vizuri, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Samahani kaka, nimekuumiza?"

"Mimi mzima. Marehemu ni mafaili."

Akacheka, akainama kuokota naye. Karani alikuwa na miaka thelathini na minne, na mama yake alishachoka kumwuliza ataoa lini. Alijua palepale kwamba amekwisha.

Fundi alikuwa akimtafuta babu yake mzaa mama, seremala wa karakana ya reli aliyekufa kabla hajasema kwao ni wapi. Wiki tatu walifukua vitabu pamoja kila saa ya chakula, na jioni wakapigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba vumbi lenu."

Kisha karani akaipata kitabuni ndoa ya babu huyo. Jina, karakana, nambari ya kazi 218. Jina lilikuwa la watu wengi, hakuwahi kulishtukia; lakini jina hilo pamoja na nambari hiyo alikua akivisoma sebuleni kwao, kwenye cheti cha ndoa cha babu yake mwenyewe, naye mzaa mama. Babu mmoja, wake wawili! Na kwao damu moja haioani.

Alikificha kitabu, akaacha kupokea simu. Alijiambia anamwonea huruma binti wa watu. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Siku ya nne fundi aliipita foleni yote.

"Simu umeila? Kama umepata mwingine sema. Nitaumia, nitapona. Usinifanye mjinga tu."

Karani akatoa vitabu viwili, akaonyesha ndoa zote mbili bila kumtazama usoni. Fundi alisoma, machozi yakamtoka.

"Kumbe wewe ni kaka yangu."

Lakini macho yake yalizoea kulinganisha mapindo. Babu hakujua kuandika. Kila ndoa iliwekewa dole gumba.

"Ndoa ipi ilitangulia?"

"Ya kwetu. Kwa miaka sita."

"Mbona dole la kwenu lina kovu, limekatika katikati, na la kwetu zima? Kovu kama hili linafutika?"

Karani alimpigia mama yake simu, akaiweka sauti ya juu.

"Mama, babu alioa mara ngapi?"

"Wewe mtoto una adabu? Mara moja!"

"Na nambari yake ya kazi?"

"Alipochoka na karakana alimwachia rafiki yake kibarua hicho, pamoja na jina na nambari. Mkubwa wa kazi hakuangalia sura, aliangalia nambari."

"Rafiki huyo aliitwa nani, mama?" fundi alidakia.

"Jina lake la kweli silijui, mwanangu. Nilimsikia akiitwa kwa jina la baba tu."

Simu ikakatwa. Fundi alifurahi, na papo hapo akalia tena, safari hii kwa ajili ya mzee aliyezikwa na jina la mtu.

"Nilimwahidi mama nitajua kwao baba yake ni wapi, na sasa hata jina hatuna. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ukweli. Nitakuja nawe." Karani akavifunga vitabu. "Babu yangu alimpa babu yako jina. Na mimi nataka nikupe langu."

Fundi akafuta macho kwa kiganja.

"Babu aliazima," alisema. "Mimi nikichukua, sirudishi."