Viatu vya Mama Upepo

Jamani, yule mke wa Mwokaji alijua baiskeli! Watu walimwita Mama Upepo. Kila asubuhi alifunga kreti mbili za mikate nyuma, akaenda kilomita ishirini na kurudi ishirini. Mvua inyeshe, jua liwake, mikate ilifika.

Lakini mwezi fulani alianza kurudi akichechemea. Nyayo zilimwaka moto, vidole vikafa ganzi. Mumewe akawa anamwandalia beseni la maji ya uvuguvugu kila siku. Kwa huruma yake alikata mfuko wa kitambaa wa unga, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya raba za mkewe ziwe laini. Akazikaza kamba zake barabara, mguu usicheze. Maumivu yakazidi.

Jioni moja Mama Upepo alisema, "Mume wangu, tafuta mtu mwingine wa kupeleka mikate. Miguu imenishinda."

Mwokaji aliumia. Alijua mkewe anavyoipenda ile njia.

Akampeleka kwa dada yake, fundi baiskeli. Fundi alimpandisha wifi yake juu ya baiskeli, naye Mama Upepo akaegemeza mkono ukutani na kukanyaga pedali. Fundi akamtazama kwa makini. Kisha akamvua raba, akachomoa kile kitambaa.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi," alisema Mwokaji.

"Kaka, wewe kanda unga. Miguu tuachie sisi."

Wakacheka, hata Mwokaji mwenyewe. Fundi akaeleza taratibu kwamba mguu huvimba kidogo safarini, na kiatu kikibana, ganzi huingia. Soli laini nayo hujikunja, pedali ikachimba unyayo.

"Wifi, nunua kiatu chenye soli ngumu na nafasi ya vidole. Kijaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Kamba usizikaze mno. Kanyaga kwa hapa, kwenye sehemu pana nyuma ya vidole, si katikati ya unyayo. Kila baada ya saa moja shuka, utembee kidogo. Ganzi isipoisha, nenda zahanati."

Mama Upepo alifuata yote, neno kwa neno.

Wiki ya tatu Mwokaji alimngoja mlangoni na beseni lake. Mkewe akafika, kreti tupu, akaingia ndani kwa mwendo wa kawaida kabisa.

"Maji ya nini?"

"Ya miguu yako."

Mama Upepo alimtazama mumewe, aliyeshinda amesimama mbele ya tanuri tangu alfajiri. Akamvutia kiti.

"Kaa, baba. Leo tia miguu yako wewe."